Jina la Mkanyaga Nguo

Barua ya kwanza kutoka Uingereza iliingia kwenye simu yangu nikiwa shuleni Awendo, nasahihisha insha za gredi ya sita. Ilikuwa wiki ya tatu tangu baba yangu apoteze maneno.

Aliyeniandikia alikuwa mzee aliyestaafu. Alisema kwamba alisambaza barua za posta kwa baiskeli katika mji mdogo wa magharibi mwa nchi yao mpaka magoti yakamkatalia, na tangu hapo kazi yake imekuwa moja tu, kuwatafuta watu wote duniani wanaotumia jina la ukoo wake. Jina langu aliliona mtandaoni kwenye orodha ya walimu waliohudhuria semina. Aliomba radhi kwa kunisumbua, akauliza kwa adabu nyingi: jina hili lilifikaje kwenu?

Niliisoma mara mbili, nikaweka simu kifudifudi mezani. Katika ukoo wetu mzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumjibu, naye alikuwa amelala hospitalini Homa Bay, mkono wa kulia umekufa na mdomo umevutwa upande.

Jina lenyewe sitalitaja. Ni la Kiingereza kabisa, fupi, la silabi mbili. Nilipokuwa mtoto, kila mwalimu mgeni aliyeita majina darasani alifika kwangu akainua kichwa kutafuta chotara, akaniona mimi, mweusi kama wenzangu wote, akarudia kuliita kana kwamba amekosea mstari. Wenzangu walikuwa na majina ya babu zao, na kwa jina hilo ungejua wametoka kijiji gani na mbuzi wao wanachungia wapi. Langu halikuonyesha kitu. Nilipomuuliza baba maana yake, aliniambia ni jina la mzungu mkubwa, basi.

Aliyekuja nalo Sindo ni babu, mzazi wa baba. Alifika kwa miguu akiwa na bibi, sufuria moja kubwa ya mzungu, na mtoto wa kiume wa miaka sita au saba, ambaye ndiye baba yangu. Aliomba mahali pa kulima. Mwenye ardhi alimkubalia, akampa kipande kinachoteremka kuelekea ziwani. Kwetu mtu kama huyo huitwa jadak, mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wengine. Anajenga, analima, anaoza mabinti, anazika, lakini neno hilo halimtoki, wala watoto wake.

Babu nilimwona nikiwa mdogo. Alikuwa na meno yake yote ya chini, wakati wazee wa rika lake pale Sindo walikuwa wameng'olewa sita kwa desturi ya Wajaluo. Alipowagombeza ng'ombe, aliwagombeza kwa maneno ambayo hayakuwa Kijaluo. Watu walijua kwamba alimpikia mzungu mchimba dhahabu kule Nyatike, na kwamba jina alilipata huko. Kabla ya huko, hakuna aliyejua, na yeye hakuulizwa kwa sababu hakuwa mtu wa kuulizwa.

Baba alijua. Alipokuwa kijana alichukuliwa na babu wakaenda siku nne mahali fulani kwenye msiba, wakarudi. Mama alisema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao alimdokezea mara moja tu kuhusu safari hiyo. Alipomhimiza aendelee, alimjibu kwamba habari hiyo ina watu ndani yake ambao bado wako hai. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, na pamba ilipokufa akawa mkulima na mzee wa kanisa la Wasabato. Aliongea na kila mtu, akasuluhisha ndoa za watu, akasoma barua za majirani wasiojua kusoma. Habari yake mwenyewe aliifunga.

Alitaka kuifungua mwaka huu. Mjukuu wa yule mwenye ardhi, ambaye ndiye msimamizi wa ukoo wao sasa, alikuja nyumbani na karatasi za mpimaji. Nilisoma naye shule ya msingi. Tuliketi dawati moja. Aliketi kwenye kiti cha mbao alichopewa, akamwita baba yangu Baba, na akaeleza polepole kwamba ardhi yao imepimwa na kila ndugu amepata hati yake, na kipande chetu kimeangukia kwa ndugu yao mdogo. Hawamfukuzi mtu, alisema. Ila wangependa kujua, baada ya Baba, sisi watoto tutaelekea wapi.

Baba alimshukuru kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma mtu. Siku ile ile mchana alituita mimi na kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Migori. Tulikuwa tumekuja kwa wikendi. Alikuwa ameshika kikombe cha uji, hakukinywa.

"Mimi sitazikwa hapa," alisema. "Shule zikifungwa, mwalimu akipata nafasi, nitawapeleka mkaone kwetu."

Sikuwahi kumsikia akisema kwetu kwa namna hiyo, kama mahali penye mlango. Kaka aliuliza ni wapi. Baba alisema hapaelezeki kwa mdomo, panahitaji kuonyeshwa, na kuna watu wa kuombwa radhi kwanza. Tulikubaliana. Shule zilikuwa zifungwe baada ya wiki tano.

Sabato ya pili baada ya hapo ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Kanisani kwetu watu huoshana miguu kabla ya mkate. Ndugu aliyepiga magoti mbele ya baba alitusimulia kwamba mguu wa kulia uliteleza ndani ya karai ukawa mzito, akadhani mzee anamtania, akainua macho akaona mdomo umekwenda upande. Walimbeba akiwa bado na taulo mapajani.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kilipiga sehemu ya ubongo inayotengeneza maneno. Akili iko, alisema, anaelewa mnachosema, lakini mlango wa kutokea umefungwa. Lilimbakia neno moja. Sijui kwa nini lilibaki hilo. Lilikuwa "kiny," yaani kesho. Ukimsalimia, alisema kesho. Akitaka maji, kesho. Alipoumwa mgongo alisema kesho, kesho, kwa hasira, akipiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Muuguzi mmoja mgeni alifikiri anaomba kuruhusiwa kwenda nyumbani, akamweleza kila asubuhi kwamba bado.

Ndivyo mambo yalivyokuwa barua ya yule mzungu iliponifikia.

Nilimjibu jioni hiyo. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba mimi pia natafuta. Niliwaza kwamba mtu anayewafuatilia wenye jina hilo duniani kote huenda anamjua yule mchimba dhahabu, na tukimpata mchimba dhahabu huenda tukampata mpishi wake. Siku mbili baadaye alinirudishia kurasa nyingi. Nilizichapisha dukani Awendo, na Jumamosi nikaenda nazo Homa Bay.

Niliketi kando ya kitanda nikamsomea baba, nikigeuza kwa Kijaluo kadiri nilivyoweza. Mzee wa posta aliandika kwamba zamani sana Uingereza, nguo za sufu zikishafumwa zilitiwa kwenye mabirika ya maji na udongo, na watu wakazikanyaga kwa miguu mpaka zikawa nzito na laini. Kazi hiyo ilikuwa na jina lake kila upande wa nchi. Kaskazini waliiita hivi, kusini mashariki waliiita vile, na magharibi waliiita kwa jina letu. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye jina hili, ukirudi nyuma vya kutosha, unafika magharibi mwa Uingereza, kwenye bonde lenye mto na sufu. Alikuwa na majina kutoka vitabu vya makanisa, baba na mwana, baba na mwana. Baadaye mashine zikaja, watu wakakosa kazi, wakahama. Wengine walishuka bandarini wakawa mabaharia. Wengine walikwenda Kanada, wengine Australia. Tawi moja lilikwenda Afrika Kusini kutafuta dhahabu, na kijana mmoja wa tawi hilo aliposikia kuna dhahabu karibu na Ziwa Viktoria, akaja.

Nilimwambia baba, "Kumbe jina letu si la mzungu mkubwa. Ni mkanyaga nguo."

Alinitazama. Kisha akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, mabega yakitetemeka, machozi yakamtoka, na mwanamume wa kitanda cha pili naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu aanguke. Nilifurahi mno nikafanya kosa la kuendelea.

Nilimuuliza, "Baba, na babu alitoka wapi kabla ya kwa huyo mzungu?"

Kicheko kiliisha. Alivuta pumzi, akakaza shingo, midomo ikafanya kazi. "Kiny," alisema. Akafunga macho, akajaribu tena. "Kiny. Kiny." Alijua si lenyewe. Nilimwona akilisikia likitoka na kulikataa, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo na kila mara anatoa jiwe.

Tulijaribu njia zote. Nilimtajia majina ya mahali ili atikise kichwa, kuanzia upande wa Wakuria, nikavuka Tanzania, nikarudi Kisii, nikaenda visiwani. Mwanzoni alitikisa kukataa, kisha alipochoka alikubali kila nilichosema, hata nilipomtajia Mombasa. Nilimpa kalamu mkono wa kushoto akachora mstari uliopanda na kushuka. Kaka alileta ramani kubwa ya shuleni tukaitandaza kitandani. Kidole cha baba kilianzia Sindo, kikaenda kusini vizuri kabisa, kikafika karibu na Migori, halafu kikateleza kwenye karatasi mpaka katikati ya ziwa na kukaa huko. Alikirudisha Sindo akaanza upya. Kiliteleza tena. Mara ya nne alikunja ramani kwa ngumi, akageukia ukutani akalia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliikunja ramani mwenyewe, akaniambia kwa upole nimwache mume wake.

Nilimuuliza nje kama yeye hakuwahi kusikia chochote, hata jina la mto au la mlima. Mama alikaza kifuniko cha chupa. Alisema kwamba baba alimwoa kama mtu wa hapa, na yeye akaolewa na mtu wa hapa, na kwamba mwanamke akianza kuchokonoa mume wake ametoka wapi, anachokonoa watoto wake pia.

Mzee wa posta hakuchoka. Kila wiki aliandika. Alimpata mjukuu wa dada wa yule mchimba dhahabu, mama mmoja aliyekuwa na sanduku la barua za zamani, na mama huyo akakubali kuzisoma moja moja. Nilisubiri barua hizo kuliko nilivyosubiri majibu ya daktari. Mwishowe alinitumia picha ya ukurasa mmoja wenye mwandiko wa kuinama. Mchimba dhahabu alikuwa akimwandikia mama yake habari za mvua, homa na mashine iliyoharibika. Karibu na mwisho alisema kwamba sasa anakula vizuri, kwa kuwa amepata mpishi hodari anayetoka ng'ambo ya mto.

Hakukuwa na zaidi. Mama wa sanduku alisoma barua zote zilizobaki, na mpishi hakutajwa tena.

Kaka alisema twende tukaulize huko huko. Tulikwenda kwa pikipiki yake hadi kwenye machimbo ya zamani ya Nyatike. Nilitarajia mahame. Tulikuta watu wengi, mashine za kusaga mawe zikinguruma, na vumbi jeupe juu ya kila jani. Wote walikuwa wageni waliofuata dhahabu kutoka kwingine. Tulimuuliza mama mmoja muuza chai kama kuna mtu yeyote pale mwenye jina letu. Hakushangaa. Alielekeza kwa kijiko kwenye boma lililokuwa juu kidogo, lenye nyumba mbili za mabati.

Mwenye boma alikuwa mwanamume wa umri wa miaka sitini hivi. Tulipomwambia jina letu, alisimama akatushika mikono yote miwili, mimi na kaka, asituachie. Alimwita mkewe, akatandika kitambaa mezani, kuku akachinjwa. Yeye pia alikuwa na jina hilo, na baba yake, na watoto wake. Nilianza kuhesabu moyoni siku za kumrudisha baba kwa watu wake.

Tulikula kwanza. Ndipo akasogeza kiti na kutuambia amengoja siku hii miaka mingi. Alituomba tumweleze mababu zetu walitoka wapi.

Mimi na kaka tulitazamana. Nilimwambia kwamba hilo ndilo tulilokuja kumuuliza yeye.

Alinawa mikono tena ingawa alikuwa ameshanawa. Kisha akatusimulia anachojua. Babu yake alikuwa mbeba mawe wa mzungu yule yule. Watu wa machimbo waliitwa kwa jina la tajiri wao, watu wa fulani, na kwa kuwa walitoka sehemu nyingi na majina yao yalimshinda karani, aliandika jina la tajiri kwa wengi wao. Machimbo yalipofungwa, kila mtu aliondoka na jina hilo mgongoni. Alijua familia moja Sori, akaenda kuwaona; wao babu yao alisemekana kuwa Mkuria. Familia nyingine ilisema babu yao alikuwa Mkisii. Babu yake mwenyewe alikufa ghafla, baba yake akiwa bado mdogo, na hakuna aliyemwambia neno.

Nilimwonyesha ule mstari wa barua kwenye simu, nikamtafsiria.

"Mto upi?" aliuliza. "Na huyo mzungu alipoandika alikuwa amekaa upande gani?"

Pale kuna mto Kuja na mto Migori, na ukiamua kwenda mbali zaidi kuna Mara. Kila mto una ng'ambo mbili.

Aliomba kuona picha ya baba. Aliitazama muda mrefu, akampa mkewe. Mke alisema masikio yanafanana. Mume alisema taratibu kwamba masikio ni masikio tu, lakini aliirudia picha mara nyingine kabla ya kunirudishia simu. Tulipoondoka alitupa jogoo na kutuomba tumjulishe hali ya mgonjwa. Alisimama barabarani mpaka tukapinda. Nilijisikia kama tumemdanganya, ingawa hatukusema uongo wowote.

Baba alirudiwa na kiharusi siku ya Jumanne mchana. Nilikuwa darasani. Mama, aliyekuwa naye, alisema kwamba asubuhi alikula vizuri, akamshika mkono, akasema lile neno lake bila hasira, mara moja, akalala, asiamke tena.

Nilimwandikia mzee wa posta mstari mmoja tu. Kisha mimi, kaka na mama tukaenda kwa mwenzangu wa dawatini, yule msimamizi wa ukoo wenye ardhi.

Njiani kaka alikuwa akisema tununue kiploti Migori, tujenge hata nyumba ya siku moja, tumzike huko. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza ni nani atamtembelea mume wake Migori, kati ya fundi wa magari na choo cha mpangaji. Ule wosia wa baba, kwamba hatazikwa Sindo, tuliubeba watatu na hakuna aliyeutamka. Tungempeleka wapi? Kwa watu gani, waombwe radhi ya kosa gani?

Mwenzangu alitupokea vizuri. Alikuwa amekwisha kusikia, hata alikuwa amepeleka wanawake wa kwake kumsaidia mama kuteka maji. Ndugu zake wawili walikuwepo. Walisema baba alikuwa mtu mwema na kwamba itakuwa aibu kwao azikwe mbali na nyumba yake. Nilipumua. Kisha ndugu mdogo, ambaye kipande kimeandikwa kwake, akatazama chini, na mwenzangu akasema kwa niaba yake.

"Mwalimu, mzikeni. Ila msitie simiti."

Nilielewa mara moja, na kaka pia. Kaburi la simiti kwetu ni kama jiwe la mpaka. Likishajengwa, kesho wajukuu wanasimama mbele ya chifu wanalionyesha kwa kidole. Kaburi la udongo huisha.

Ningeweza kusema kwamba babu na bibi wamelala pale pale, na makaburi yao yamekwisha kuwa tambarare ya viazi vitamu kwa sababu enzi hizo hatukuwa na cha kujengea. Ningeweza kusema mengi. Yule ndugu mdogo hakuwa mtu mbaya; alikuwa na watoto watano na kipande kimoja. Nilimtazama mama. Mama alisema asanteni.

Siku ya mazishi, mtu wa Nyatike alikuja na vijana wake watatu. Hakuwa amealikwa kama ndugu. Nilimpigia simu kwa kuwa aliniomba. Vijana wake walishika jembe na sururu bila kuuliza, wakachimba kwa zamu na watu wa kanisa. Watu walipotuuliza hawa ni nani, kaka alijibu ni ndugu zetu. Mtu wa Nyatike alisikia. Ilipofika zamu yake ya kuzungumza alisimama kando ya jeneza akashindwa. Alifungua mdomo, akaufunga, akakaa. Alilia kama mtu aliyefiwa na kaka, na hata leo sijui kama alikuwa amefiwa naye.

Mwezi uliofuata mzee wa posta alinitumia kazi yake, imekamilika. Ilikuwa kubwa, nikaichapisha vipande vipande nikavigundisha kwenye ukuta wa sebule yangu Awendo. Juu kabisa kulikuwa na mkanyaga nguo wa kwanza aliyeandikwa kanisani. Kutoka kwake mistari ilishuka, ikagawanyika, ikavuka bahari, watu mamia, kila mmoja ameshikwa na baba yake. Chini upande wa kulia, peke yake, kulikuwa na kisanduku cha babu, chini yake baba, na tarehe ya kufa niliyompa mwenyewe, chini yake mimi na kaka. Juu ya babu hapakuwa na mstari.

Aliandika kuomba radhi. Alisema kanuni yake ni kutochora mstari pasipo na ushahidi, na hata yule mchimba dhahabu hawezi kumuunganisha nasi, kwa sababu kumpa mtu jina si kumzaa. Aliuliza kama ningependa atutoe kabisa, ili tusionekane vile. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Niliandika majibu mawili tofauti nikayafuta yote. Mwishowe nilimshukuru kwa kazi na sikugusa swali. Hakuniuliza tena, na sisi bado tuko pale kwenye kona.

Nilienda Sindo mvua za vuli zilipoanza. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati, maji yamesimama ndani. Kaka alitaka kulizungushia mawe ili udongo usichukuliwe, mama akasema mawe yatafanana na kujenga, tutie udongo tu. Tuliuchota kwa makarai kutoka upande wa chini wa shamba, tukapanda nao, tukamwaga, tukashuka tena. Wakati tukifanya hivyo mwenzangu wa dawatini alipita akitoka ziwani. Alisimama, akatusalimia, akasalimiwa. Aliangalia kaburi kwa muda. Kisha akavua viatu vyake, akachukua karai lililokuwa chini, akashuka pamoja nasi kuchota.

Tulifanya kazi hiyo mpaka kaburi likainuka kidogo kuliko nyasi. Hakuna aliyezungumzia ardhi. Mama alimpa maji ya kunawa miguu, akanawa, akavaa viatu vyake akaenda, na mvua ikaanza tena kabla hajafika kwake.